Pwani ya Kanada ina kilomita ngapi hasa? Jibu kwa mwalimu wa Jiografia

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa Jiografia wa sekondari, mkoa wa Pwani. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi ya kutafuta nchi kumi zenye pwani ndefu kuliko zote duniani, wakaniletea orodha zisizofanana kabisa. Kanada mmoja kaandika kilomita 202,080, mwingine 243,042. Norway imepewa 2,650, 25,148, na kuna aliyeandika zaidi ya 100,000. Marekani kwenye orodha moja ni ya nane, kwenye nyingine ni ya pili. Hata Tanzania yetu, kitabu kimoja kinasema 800 na kingine 1,424. Mwanafunzi mmoja akaniuliza kama nchi hudanganya ili zipate bahari kubwa zaidi, nikakosa la kumjibu. Takwimu sahihi ni ipi, na nimpe nani alama? Halafu nina langu binafsi. Familia yetu ina kiwanja karibu na bahari Bagamoyo. Nikipima kwa simu kutoka kiwanjani hadi majini, umbali hautoki uleule mara mbili. Je, ni tatizo hilohilo?"

Marahaba, mwalimu. Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa kuwa ndani yake mna maswali matatu, na huyo mwanafunzi aliyeuliza kuhusu udanganyifu kagusa mahali ambapo hata mawakili wa kimataifa hubishana. Nitamjibu yeye pia. Kwanza nikutoe wasiwasi: hukukosa jibu kwa sababu hujui somo lako. Umekutana na moja ya mambo magumu kweli katika jiografia, na vitabu vingi vya shule hulipita kimya kwa kuandika tarakimu moja na kuendelea.

Dhana ya kwanza ya kurekebisha ni kwamba kati ya takwimu hizo moja ni ya kweli na nyingine zimekosewa. Zote ulizonitajia zinaweza kuwa zimepimwa kwa uangalifu na watu waaminifu. Meza ukiipima kwa rula ndefu au fupi, urefu wake ni uleule. Pwani haiko hivyo. Kadiri kijiti cha kupimia kinavyokuwa kifupi ndivyo pwani inavyorefuka, na haifiki mahali ikatulia.

Kiswahili chenyewe kimeliona jambo hili zamani, nawe unaweza kuanzia hapo darasani. Tuna maneno mawili ambayo siku hizi tunayatumia kana kwamba ni kitu kimoja: mwambao na pwani. Mwambao umetokana na kuambaa, yaani kupita kandokando ya kitu bila kukiacha mbali. Huo ni mtazamo wa nahodha. Anayetoka Tanga kwenda Kilwa kwa jahazi haingii kila hori na kila mlango wa mto. Anaambaa, anakata kutoka rasi hadi rasi, na mwisho wa safari atakuambia mwambao ni mrefu kiasi fulani. Pwani inatokana na kupwa, pale maji yanapokauka bahari inaporudi nyuma. Huo ni mtazamo wa mama anayetafuta pweza na chaza kwa miguu. Yeye huzunguka kila jiwe, huingia kila kijito kati ya mikoko, na akitembea kutoka Tanga hadi Kilwa kwa mwendo wake huo atakuwa amekwenda mara nyingi zaidi ya nahodha. Hakuna aliyedanganya kati yao. Mmoja kapima kwa hatua ndefu, mwingine kwa hatua fupi.

Ndiyo maana Tanzania ina tarakimu zaidi ya moja. Ukichora mstari mnyoofu kutoka mpaka wa Kenya karibu na Jasini hadi mdomo wa Mto Ruvuma, utapata takriban kilomita 650. Ukiufuata ukingo wa bara bila kuingia kila pembe, unapata hiyo 800 inayotajwa mara nyingi. Takwimu ya 1,424 ni ya aliyefuata mikunjo kwa karibu zaidi. Kenya nayo ni hivyohivyo: kutoka Kiunga hadi Vanga kwa mstari mnyoofu ni karibu kilomita 425, orodha za kimataifa huandika 536, na maandishi mengi ya Kenya yenyewe husema 600 au zaidi.

Aliyelileta jambo hili mbele ya wanasayansi alikuwa Mwingereza Lewis Fry Richardson, mtaalamu wa hali ya hewa aliyechukia vita. Alitaka kujua kama urefu wa mpaka kati ya nchi mbili unaongeza uwezekano wa kupigana, akaanza kukusanya urefu wa mipaka. Akakuta mpaka wa Hispania na Ureno umeandikwa kilomita 987 mahali pamoja na 1,214 mahali pengine. Wa Uholanzi na Ubelgiji ulikuwa 380 na pia 449. Mpaka ni uleule, mawe ni yaleyale. Akaanza kupima mwenyewe kwenye ramani kwa kubadilisha upana wa bikari, akaona urefu unapanda kila anapoibana. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1961, baada ya yeye kufariki. Mwaka 1967 Benoit Mandelbrot aliichukua katika makala yake mashuhuri kuhusu pwani ya Uingereza, akatoa maelezo ya kihisabati yaliyoifanya ijulikane dunia nzima. Kisiwa hicho kikubwa cha Uingereza, ukikipima kwa hatua za kilomita 100, unapata karibu kilomita 2,800. Kwa hatua za kilomita 50 unapata karibu 3,400.

Jambo muhimu zaidi katika kazi ya Richardson ni kwamba pwani hazirefuki kwa kasi moja. Kwa vipimo vyake, kila ukikikata kijiti nusu, pwani ya magharibi ya Uingereza huongezeka kwa karibu asilimia 19. Ya Afrika Kusini huongezeka kwa chini ya asilimia 2. Pwani iliyonyooka kama ile haijali sana umeipima na nini. Iliyokunjamana hukupa jibu jipya kila unapoisogelea. Kwa hiyo ukiweka nchi mbili kwenye orodha moja bila kujua kila moja imepimwa kwa kijiti kipi, hulinganishi pwani. Unalinganisha ramani za watu wawili.

Norway ni mfano mzuri wa kuandika ubaoni, kwa sababu hesabu yake inajumlishika. Bara peke yake, kwa mtindo wa nahodha na bila kuingia fiodi, yaani hori ndefu na nyembamba zinazoingia bara, ni kilomita 2,650. Ukiingia kwenye fiodi na mikunjo midogo unaongeza 22,498, na hapo unapata 25,148 aliyoiandika mwanafunzi wako. Ongeza pwani za visiwa, 58,133, upate 83,281. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa takwimu kubwa ya Norway. Kisha idara yao ya ramani ikapima upya kwa ramani za kisasa zenye undani zaidi, na mwaka 2011 jumla ikatoka 100,915. Zimeongezeka zaidi ya kilomita 17,000, na hakuna hata jiwe moja lililoongezeka nchini humo. Wanafunzi wako wote watatu walioandika kuhusu Norway walisoma vizuri. Walichokosa ni kuandika kilichopimwa.

Hapa kuna swali ambalo wanafunzi werevu huuliza: kama urefu unapanda hivi, eneo la nchi nalo linapanda? Halipandi. Ukipima kwa undani zaidi, kipande kidogo kinaongezeka hapa na kingine kinapungua pale, na jumla ya eneo hukaribia tarakimu moja na kutulia. Ndiyo sababu atlasi hazigombani sana kuhusu kilomita za mraba, ila kuhusu pwani zinapishana mara mbili, mara tatu, hata zaidi.

Sasa tuje kwenye orodha ya nchi kumi. Inayonakiliwa zaidi duniani ni ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ambalo kwa miaka mingi lilichapisha takwimu za nchi zote. Humo Kanada inaongoza kwa kilomita 202,080, Indonesia inafuata kwa 54,716, kisha Urusi 37,653, Ufilipino 36,289, Japani 29,751, Australia 25,760, Norway 25,148 na Marekani 19,924. (Greenland ina 44,087, lakini iko chini ya Denmark, kwa hiyo wengine huihesabu na wengine huiruka. Hapo napo orodha hupishana.) Orodha ya pili maarufu ni ya taasisi ya World Resources Institute, iliyojaribu kupima dunia nzima kwa ramani za skeli moja. Humo Kanada ina 265,523, Marekani inaruka hadi nafasi ya pili kwa 133,312, Urusi 110,310 na Indonesia 95,181. Chile, ambayo CIA waliiandikia kilomita 6,435 tu, inapewa 78,563. Ukiitazama kusini mwa Chile kwenye ramani utaelewa: nchi imevunjikavunjika kuwa visiwa na milango ya bahari isiyohesabika. Aliyepima kwa mtindo wa nahodha alipita nje ya vyote.

Ungenibana nikuambie lipi ni hakika katika haya yote, ningesema moja tu: Kanada ni ya kwanza kwa kijiti chochote utakachochukua. Tofauti yake na wengine ni kubwa mno. Hata kwa hiyo 202,080 pwani yake ingeizunguka dunia kwenye ikweta mara tano, na kwa 243,042 inayotolewa na serikali yao ingeizunguka mara sita. Nafasi ya pili na kuendelea inategemea ramani iliyotumika. Mimi binafsi huwa siwaulizi wanafunzi swali la "nchi ya tano kwa urefu wa pwani ni ipi", kwa kuwa najua jibu lake litakuwa la ramani, si la nchi.

Lakini mwanafunzi akishajua kwamba Kanada inaongoza, swali linalonoga zaidi ni kwa nini, na jibu ni barafu. Dhana nyingine iliyoenea ni kwamba nchi ikiwa kubwa, pwani yake nayo huwa ndefu. Itazame Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: ni ya pili kwa ukubwa Afrika, na pwani yake, pale Muanda na Banana kwenye mdomo wa Mto Kongo, ni kilomita 37 tu. Ukubwa hauamui. Kinachoamua ni jinsi ukingo wa nchi ulivyochongwa.

Katika enzi ya barafu, sehemu karibu yote ya Kanada na Skandinavia ilifunikwa na barafu nene. Barafu hiyo haikukaa tu. Iliteremka polepole kuelekea baharini kupitia mabonde ya mito, ikakwangua miamba, ikayachimba mabonde hayo kwenda chini hata kupita usawa wa bahari. Ilipoyeyuka, bahari ikaingia. Hizo ndizo fiodi. Sognefjord ya Norway inaingia bara zaidi ya kilomita 200, na kina chake kinafika mita 1,308. Fikiria maana yake kwenye kipimo. Nahodha anayepita nje anavuka mdomo wa fiodi na kuhesabu kilomita chache. Anayefuata ukingo anaingia zaidi ya kilomita 200 upande mmoja, anageuka, anatoka zaidi ya 200 upande wa pili, na bado hajahesabu matawi. Kanada ina fiodi za namna hiyo magharibi, mashariki na kaskazini, na juu ya hizo ina funguvisiwa la Aktiki lenye visiwa 36,563. Kimoja tu, Baffin, kina ukubwa unaozidi nusu ya Tanzania. Indonesia na Ufilipino zilifika kwenye orodha kwa njia nyingine, ya volkano na mabamba ya dunia yanayosukumana. Ufilipino ina visiwa 7,641. Indonesia ina zaidi ya 16,000, na kila kisiwa kina ukingo wake.

Afrika haikupitiwa na barafu hiyo. Bara letu ni nyanda za juu za kale zilizobaki baada ya Gondwana, bara kuu la kale, kupasuka, na kingo zake nyingi zimeteremka karibu na bahari kama ukuta. Ulaya, ambayo ni kama theluthi moja ya Afrika kwa eneo, ina pwani ndefu kuliko yetu ukizipima zote mbili kwa kijiti kimoja. Kwa hiyo Afrika haina bandari nyingi za asili, na jambo hilo limeugusa uchumi wetu kwa karne nyingi.

Ila hapa kwetu, kutoka Lamu hadi Msumbiji, kuna kitu kizuri ambacho vitabu vya shule havikitilii mkazo wa kutosha. Miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda nchi kavu, bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120 kuliko leo. Mito yetu ilichimba mabonde hadi kwenye ukingo huo wa chini, ikikata hata miamba ya matumbawe. Bahari ilipopanda, mabonde yale yakazama, na ndiyo yaliyotupa hori za Mtwapa na Kilifi, bandari ya Dar es Salaam, Kilwa, Lindi na Mtwara. Jina la Kilindini pale Mombasa linajieleza lenyewe: ni kwenye kilindi. Waswahili walijenga miji palepale nchi ilipokunjamana, kwa sababu ndipo chombo hupata kimbilio. Unguja na Mafia nazo zilikuwa zimeungana na bara wakati bahari ilipokuwa chini. Maji kati yao na bara si ya kina kirefu. Pemba haikuungana, maana mkondo wake una kina cha mamia ya mita. Mwanafunzi wa mkoa wa Pwani akilijua hili, ataitazama ramani ya nyumbani kwao kwa jicho jingine kabla hata hajafika Norway.

Sasa yule aliyeuliza kama nchi hudanganya ili zipate bahari kubwa. Mwambie swali lake ni halali kabisa, ila pwani ndefu haiongezi bahari kwa namna anayodhani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaipa nchi maili 12 za baharini kuwa eneo lake na hadi maili 200 kuwa ukanda wake wa kiuchumi. Kipimo huanzia kwenye mstari wa msingi, ambao kwa kawaida ni mstari wa maji yaliyokupwa. Pwani ikiwa imekunjamana sana au imezungukwa na visiwa vingi, nchi inaruhusiwa kukata mistari minyoofu kutoka ncha hadi ncha. Kwa maneno mengine, sheria inapima kama nahodha. Norway na Uingereza zilifikishana Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu mistari hiyohiyo, na mwaka 1951 mahakama ikaikubalia Norway. Zile kilomita 100,915 hazikuipa maji zaidi. Fiodi zote ziko ndani ya mstari.

Mfano wa kumwonesha ni Kiribati, nchi ya visiwa vidogo katika Pasifiki. Nchi kavu yake yote ni kilomita za mraba 811, na pwani yake kwenye orodha ya CIA ni kilomita 1,143, pungufu kuliko Tanzania. Lakini kwa kuwa visiwa vyake vimetawanyika mbalimbali, ukanda wake wa bahari ni karibu kilomita za mraba milioni 3.4. Kinachogawa bahari ni mahali nchi ilipo na umbali wa majirani.

Kuna mahali pamoja urefu wa pwani huingia mahakamani kweli. Katika kesi ya Somalia na Kenya, iliyoamuliwa tarehe 12 Oktoba 2021, majaji walilinganisha urefu wa pwani za nchi hizo mbili zinazoitazama bahari iliyogombaniwa, wakautumia kuhakiki kwamba mgawanyo haukumwonea mmoja kupita kiasi. Zingatia walivyofanya: pwani zote mbili zilipimwa kwa njia moja, kwa ajili ya kesi hiyo. Hawakwenda kuchukua tarakimu moja atlasi hii na nyingine atlasi ile. Hilo ndilo ningependa darasa lako lilifanye pia.

Kuhusu alama, una njia tatu, na kila moja ina bei yake. Unaweza kushika orodha moja, kwa mfano ya CIA, na kumkosoa aliyeandika tofauti. Ni rahisi kusahihisha na inafanana na mitihani mingi, ila utakuwa unamwadhibu mtoto kwa kusoma chanzo kingine. Unaweza kukubali chochote, na hapo watoto watajifunza kwamba tarakimu hazina maana, jambo ambalo ni baya zaidi. Njia ninayokushauri ni kutoa alama kwa aliyeandika tarakimu pamoja na chanzo chake na kilichohesabiwa: visiwa vimo au havimo? Ameipata wapi, na ni ya mwaka gani? Asiyeandika chanzo, mrudishie akatafute. Lakini kwenye mtihani wa taifa, mwambie mwanafunzi wako afuate kitabu cha kiada kinachotumika. Si haki kumwacha apoteze alama kwa ajili ya mjadala wetu.

Kisha wape kazi ya mikono. Chukua ramani ya Kilwa au ya Lamu yenye undani wa kutosha na bikari moja kwa kila kundi. Waipime pwani ileile kwa hatua za sentimita 4, kisha 2, kisha 1, kisha nusu, na kila mara wabadilishe kuwa kilomita kwa skeli ya ramani. Kundi jingine lipime hivyohivyo kipande cha pwani ya kaskazini ya Somalia au cha Afrika Kusini. Wakichora grafu mbili, ile ya Lamu itapanda sana na ile nyingine itapanda kidogo. Hakuna maelezo yangu yatakayofikia kile watakachokiona wenyewe hapo. Ukikosa ramani ya bahari, hata Ziwa Viktoria linafaa, kwani nalo huandikiwa kilomita 3,440 hapa na zaidi ya 7,000 pale.

Nimebakiza kiwanja. Si tatizo hilohilo hasa, ingawa ni ndugu yake. Urefu wa pwani hubadilika kwa sababu ya kijiti. Umbali wako hadi majini hubadilika kwa sababu maji yenyewe hayatulii. Kwenye pwani yetu, wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Fukwe za Bagamoyo ni tambarare mno. Mahali ambapo ardhi inashuka mita 1 kwa kila mita 100, mita 4 za maji ni mita 400 za mchanga. Picha ya setilaiti iliyo kwenye simu yako ilipigwa saa moja ya siku moja, na haikuambii maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa. Juu ya hapo, simu nayo hukosea kwa mita kadhaa.

Pia ukingo wenyewe unaweza kuhama kabisa. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na miti na kasa walikuwa wakitagia humo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kililiwa na bahari, na leo ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Kwingine nchi ndiyo inayoifuata bahari: kandokando ya Hudson Bay kule Kanada, ardhi iliyotuliwa mzigo wa barafu bado inainuka kwa karibu sentimita 1 kila mwaka, na fukwe za kale zimebaki juu kama ngazi. Kwetu cha kuangalia ni mmomonyoko, hasa pale mikoko ilipokatwa au mchanga ulipochotwa.

Hapa, mwalimu, jibu la kuandika haliwezi kukutosha, na sitaki ujenge wala uuze kwa kulitegemea. Sheria za Tanzania za ardhi na za mazingira zimeweka ukanda wa mita 60 kutoka ufukweni ambao una masharti mazito, kwa hiyo mita chache zinaweza kuamua kama una kiwanja au huna. Chukua hati na ramani ya upimaji, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, na umtafute mpimaji aliyesajiliwa aende nawe eneo lenyewe kutafuta mawe ya mipaka. Kama mnakusudia kujenga, mwulizeni afisa wa mazingira mapema, na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kabla ya kuchimba msingi. Kama jiwe moja la mpaka halionekani, au mnazi uliokuwa ndani ya kiwanja sasa mizizi yake iko wazi kwenye mchanga, msingoje msimu mwingine wa kusi. Mwiteni mpimaji sasa. Na siku atakayokuja, chagueni siku ya bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, saa maji yamejaa kabisa, ili alama atakayoweka iwe ya bahari ikiwa imefika mwisho wake.